Sosthenes wa Shahada ya Usingizi

Mama Kalinga alikuwa na kawaida moja iliyonichekesha tangu wiki ya kwanza aliponipa kazi. Kabla pasi haijagusa joho, anasoma jina kwenye kikaratasi kilichobanwa na pini kwenye kola, halafu anamtaja huyo mtu kwa Mungu. Sauti ya kawaida kabisa, kama anaagiza nyanya sokoni. "Bwana, huyu ni Gloria, anasomea ualimu. Mwangalie." Anachora msalaba mdogo kwa kidole gumba juu ya kola, pasi inashuka, mvuke unapanda, tunaendelea na kazi.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja pale Kihesa, Iringa. Mwaka mzima tunafua na kupiga pasi nguo za watu: suti, mashuka, suruali za walimu. Ila ikifika msimu wa mahafali, ndani kunakuwa kweusi. Majoho yananing'inia kwenye kamba kama popo. Mama Kalinga anayakodisha kwa wanafunzi wa vyuo, wakiyarudisha tunafua, tunanyoosha, yanaenda kwa wengine.

Mimi nilikuwa mtu wa pasi. Kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi. Mwaka wa pili nilipata sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia, nikairudia kwa kujiamini sana bila kusoma, nikadisko. Kama hujui kudisko ni nini, una bahati. Ni chuo kukwambia beba begi lako. Nikalibeba. Nyumbani Mbeya sikurudi. Nilipita mbele ya duka la Mama Kalinga nikaona kibao kimeandikwa "Anatakiwa mtu asiyeunguza nguo," nikaingia.

Mama yangu anakaa Soweto, kule Mbeya mjini. Hakujua. Na sikumdanganya kwa mdomo hata siku moja, hilo nilikuwa najivunia. Akipiga simu kuuliza, "Masomo yanaendaje?" namjibu, "Mama, siku hizi vitabu vyenyewe vinaniogopa." Anacheka, nacheka, tunaagana. Mwaka mzima na zaidi tulikwenda hivyo.

Sasa, mimi ni mtu ambaye nikiona kitu kimesimama wima lazima nikisukume kidogo nione kama kitaanguka. Nikiwa mdogo nilishawahi kuweka chura kwenye kikapu cha sadaka cha shule ya Jumapili. Kwa hiyo maombi ya Mama Kalinga yalikuwa yananiita. Asubuhi moja nikachukua kikaratasi, nikaandika "Sosthenes Mwambeta, Shahada ya Usingizi," nikakibana kwenye joho kuukuu lenye kiraka kwapani. Nikajificha nyuma ya mashuka.

Mama Kalinga akalifikia. Akavaa miwani. Akasoma.

"Bwana," akasema, "huyu ni Sosthenes. Anasomea usingizi. Unajua amelala wapi. Mwamshe kwa upole."

Nilicheka mpaka nikakanyaga beseni la sabuni.

"Unacheka nini, we Anord?"

"Hamna, mama. Nimekumbuka kitu."

"Kumbuka na hizo suruali. Zina wenyewe."

Kuanzia hapo Sosthenes akawa anaombewa kila asubuhi. Joho lake halikukodishwa kwa mtu, likabaki mwisho wa kamba na kikaratasi chake. Mimi nikawa namsimulia Didas, rafiki yangu tuliyeanza naye chuo, jinsi mama wa watu anavyomlilia Mungu kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.

"Kaka, utapigwa na radi wewe," akaniambia.

"Radi ikija itapanga foleni. Kuna wenye hatia zaidi."

Didas yeye alikuwa anamaliza. Siku aliyokuja kuchukua joho lake, Mama Kalinga alikuwa ameenda sala za jumuiya, nilikuwa peke yangu dukani. Didas akavaa, akajitazama kwenye kioo, akazunguka kama bibi harusi. Halafu akasema, "Na wewe vaa bwana, nikupige picha."

Nikavaa la Sosthenes. Nikaweka kofia. Nikakunja kalenda ya ukutani nikaifunga na utepe, ikawa cheti. Nikasimama mbele ya ukuta mweupe wa jirani, kidevu juu, kama mtu ambaye hajawahi kufeli hata mtihani wa kuvuka barabara. Picha ikatoka safi. Nikaiweka stetasi ya WhatsApp na maneno: "Pisheni njia, msomi anapita."

Kabla ya kuiweka, nilizuia namba ya mama asiione. Hapo ndipo ningejua, kama ningetaka kujua. Mtu anayetania tu hamfichi mama yake. Ila nilimsahau binamu yangu Blessing, ambaye hiyo simu yake sijui huwa inalala saa ngapi. Blessing akaichukua, akairusha kwenye kundi la familia.

Jioni simu ikaita.

"Anord."

"Shikamoo mama."

Nikasikia mtu anavuta pumzi kupitia machozi.

"Kwa nini hukuniambia siku, baba? Ningekuja. Ningekaa hata nyuma kabisa."

"Mama, ile picha..."

"Usiseme kitu. Nimeshaongea na mzee Eliezeri wa kanisani. Jumapili ijayo tunatoa shukrani. Baba mdogo Obeid anakuja toka Mgololo na mbuzi. Uje na hilo joho, ulivae pale mbele. Tangu baba yako amefariki watu walikuwa wananiangalia, Anord. Wananiuliza, kijana wako bado anasoma au ndiyo yameishia njiani? Sasa wakuone."

"Haya, mama," nikasema.

Nimewahi kumwigiza mhadhiri mbele ya darasa zima mpaka mhadhiri mwenyewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akapiga makofi. Siku ile nilipata maneno mawili tu, na hata hayo yalikuwa uongo.

Kwetu sisi tuliolelewa Moravian pale Mbeya, shukrani siyo kusema asante tu ukakaa. Jina linasomwa, ukoo unasimama, mnatoka nyuma mnaimba na kucheza taratibu kwenda mbele na mlivyobarikiwa: ndizi, mahindi, kuku wa kufungwa miguu. Mkifika, mchungaji anakupa kipaza sauti useme Mungu amekutendea nini. Kwa hiyo ningesimama pale na joho la kukodi, na Mungu mwenyewe akiwa ndiye anayeambiwa. Stetasi inajifuta baada ya saa ishirini na nne. Hii ningeifutaje?

Nikampigia Didas.

"Nenda," akasema. "Vaa, sema asante, kula mbuzi, rudi. Kanisani nani atakuomba cheti?"

"Mungu."

"Mungu ana matokeo yako tangu mwaka wa pili."

Nikacheka, maana ilichekesha. Lakini kicheko chenyewe kikaisha haraka, nikabaki nimeshika simu.

Alhamisi nikamwendea Mama Kalinga. Alikuwa ananyoosha sketi ya sare.

"Mama, naomba ruhusa niende nyumbani Jumamosi. Na pia naomba kuazima joho moja."

"Lipi?"

"Lile kuukuu tu. La mwisho kule."

Akaweka pasi chini, akavua miwani akaifuta kwa kanga.

"La Sosthenes," akasema. "Sasa yeye atavaa nini?"

Nikaangalia sakafu.

"We Anord, mwandiko wako nauona kila siku kwenye vikaratasi vya suruali. Ile 's' yako kama ndoana. Ulidhani siujui?"

"Ulijua? Na bado ukawa unaomba?"

"Ndiyo nikaomba. Nilisema huyu mtoto anaona aibu kuombewa kwa jina lake. Basi nimwombee kwa jina la kuazima. Mungu hapotei njia."

Nimetania watu wengi maishani, na wengi wamenirudishia. Hakuna aliyewahi kunirudishia hivyo. Mwezi mzima nilikuwa nimejificha nyuma ya mashuka nikicheka, na kumbe mtu aliyekuwa anaombewa ni mimi.

Nikamweleza yote. Kudisko, simu za mama, kalenda niliyoifunga utepe. Alikuwa anaendelea na sketi yake, hanikatizi, anageuza tu upande wa pili. Nilipofika kwenye mbuzi wa Mgololo akasema, "Mmh," basi.

"Mimi nimeishia la saba," akasema nilipomaliza. "Majoho haya nimeyashika miaka kumi na mitano, sijahitimu na hata moja."

"Hujawahi kutamani?"

"Nimetamani sana. Siku moja nikafunga mlango nikajaribu. Likanibana mabegani, nikataka kufia humu." Akacheka mwenyewe. "Halafu nikaona, mtu siku yake kubwa anapita mbele ya wazazi wake amenyooka. Hajui nani amemnyoosha. Wazazi hawajui." Akanyanyua kidevu kuelekea bati. "Yeye anajua. Mimi hilo linanitosha. Wewe sijui kama litakutosha, hilo utaliona mwenyewe."

"Na joho?"

"Chukua. Ila lipige pasi mwenyewe, na umtaje mwenyewe kwa jina lake la kweli. Ukishindwa kumtaja, liache hapo."

Akachukua kikapu akaenda sokoni.

Umeme ukakatika, nikawasha pasi ya mkaa. Nikatandaza joho. Nikatoa kile kikaratasi, nikaandika kingine. "Anord Mwaisumo." Baada ya jina huwa tunaandika mtu anasomea nini. Kalamu ikasimama pale muda mrefu kuliko ilivyowahi kusimama kwenye mtihani, na kwenye mitihani ilisimama sana. Mwisho nikaandika, "Mpiga pasi."

Nikakibana kwenye kola. Nikasema, "Bwana, huyu ni Anord. Anapiga pasi."

Nikangoja kicheko kije. Nakijua kinavyokuja, kinaanzia tumboni. Hakikuja. Nikabaki nimesimama na pasi inafuka mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nibebe begi langu nilisikia jina langu limesemwa na mtu ambaye hanidharau. Aliyelisema alikuwa mimi, lakini sikuwa peke yangu mle ndani. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Wanaojua watajua.

Nikaona wazi pia kwamba hilo joho haliwezi kwenda Mbeya. Huwezi kuandika mpiga pasi kwenye kola halafu ukalivaa ukaitwa msomi. Nikalirudisha kwenye kamba, nikachukua shati langu jeupe, nikalinyoosha kama sijawahi kunyoosha nguo ya mtu yeyote. Nikaamua. Nitakwenda na shati, na nitasema. Nikaisema tena kwa sauti ili nisije nikajitania: nitakwenda na shati, na nitasema.

Jumamosi nikapanda basi, shati nimelitundika kwenye nailoni juu ya siti. Tulipofika Makambako mama mmoja akaniuliza kama naenda kuoa. Nikamwambia, "Naenda kukataa kuolewa." Akasogea siti nyingine. Mazoea hayaachi mtu siku moja.

Mama nilimkuta uani kwake anamenya ndizi na Blessing. Mbuzi kafungwa kwenye mpera, analia kama anajua ratiba. Baba mdogo Obeid amekaa kwenye kigoda, bado ana vumbi la safari. Mama akasimama, akanishika mashavu kwa mikono yenye utomvu wa ndizi.

"Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo." Asante sana, alikuwa ananishukuru mimi. Halafu akaiona nailoni. "Mbona jeupe? Joho liko wapi?"

Ndani ya basi nilikuwa nimejikuta nimetengeneza utani wa namna tatu wa kuanzia. Wote ulikuwa mzuri. Nikauacha.

"Mama, tuingie ndani tuongee."

"Ndani kumejaa magunia. Sema hapa hapa, wote wako ndugu zako."

"Sijahitimu. Nilifeli mwaka wa pili, wakaniondoa chuo. Lile joho ni la duka, ninapofanya kazi. Napiga pasi."

Mama akakaa. Akachukua ndizi, akaanza kuimenya. Akamenya ganda, akaendelea kumenya na ndizi yenyewe, vipande vinadondoka, mpaka ikabaki kidogo kama kidole.

"Unapiga pasi."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo nilivyokuwa nakuuliza masomo."

"Nilikuwa nakuchekesha."

"Na mimi nilikuwa nacheka."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nacheka, Anord."

Hiyo ya pili aliisema polepole. Bora angenipiga na mwiko.

Baba mdogo Obeid akajikohoza. "Shemeji, hapa tuahirishe tu. Tuseme kijana anaumwa tumbo."

"Baba mdogo, nimeumwa mwaka mzima," nikasema. "Nimechoka."

"Nyamaza wewe. Mimi nimetoka Mgololo na mbuzi kwenye buti la gari, watu kiwandani nimewaaga naenda sherehe ya msomi."

"Obeid," mama akasema, "na mbuzi naye tumwambie anaumwa?" Akafuta kisu kwenye kanga. Akaniangalia. "Jina langu limeandikwa pale kanisani. Kesho mzee Eliezeri atalisoma. Haya, niambie. Tunashukuru nini?"

Nikamweleza habari za Mama Kalinga na Sosthenes. Sijui kwa nini nilianzia hapo. Blessing akaanza kutabasamu, akaona uso wa mama, akaacha.

"Kesho nitakwenda mbele mwenyewe," nikamaliza. "Nitasema ukweli na nitashukuru. Na sitachekesha mtu."

"Wewe?"

"Mimi."

"Mbele ya watu wote wanaonifahamu."

"Hao hao walioambiwa nimehitimu, mama."

Akasimama, akachukua sufuria. "Utafanya unavyojua," akasema. "Mimi kusimama, sijui kama nitasimama."

Jumapili mlangoni mzee Eliezeri alinipokea kwa mikono miwili. "Msomi wetu. Na joho?"

"Nitaeleza mbele, mzee."

"Aa, umelificha ulitoe kule kule. Nakufahamu wewe." Akacheka, akaenda zake. Nusu ya kanisa ilinifahamu hivyo. Kuna watu walikuwa bado wanakagua kikapu cha sadaka kabla ya kutia mkono.

Mama alikaa mstari wa nne, mkungu wa ndizi umeegemea miguu yake. Baba mdogo Obeid pembeni, amekunja mikono. Hawakuwa wamesema nami tangu asubuhi zaidi ya salamu.

Mzee Eliezeri akasoma: "Familia ya mama Anord Mwaisumo, inamshukuru Mungu kwa mtoto wao kuhitimu chuo kikuu." Vigelegele vikapigwa. Kwaya ikaanzisha wimbo. Nikasimama.

Nikatembea. Nyuma yangu nilikuwa nasikiliza miguu, na miguu haikuja. Kwaya inaimba wimbo wa kuchezea, na anayekwenda mbele ni mtu mmoja mwenye shati jeupe na mikono mitupu, asiyejua aiweke wapi. Vigelegele vikapungua, vikaisha. Wimbo nao ukachoka kabla sijafika.

Mchungaji Andendekisye akainama. "Wengine wako wapi?"

"Nadhani ni mimi tu, mchungaji."

Akaniangalia kidogo, akanipa kipaza sauti.

Nikageuka. Watu walikuwa wameshaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo. Walikuwa wanangoja chura. Na nitasema ukweli, ningeweza kuwapa. Neno moja la kuchekesha pale lingenitoa salama, wangecheka, ningerudi kukaa, kila mtu angeondoka na amani isipokuwa mstari wa nne. Nikakibana kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mzee Eliezeri amesoma alichoambiwa, hana kosa," nikasema. "Mimi sijahitimu. Nilifeli mwaka wa pili. Joho la kwenye picha mliyotumiana siyo langu. Kazi yangu ni kupiga pasi, Iringa, Kihesa."

Wachache wakacheka. Waliona ndiyo imeanza. Nikangoja wamalize.

"Sitanii," nikasema.

Waliokuwa wanacheka wakaketi vizuri.

"Kuna mama mmoja kazini anawaombea wenye nguo. Mimi nikamwandikia jina la uongo ili nimcheke. Alijua, akaniombea kwa hilo hilo jina mwezi mzima. Nimekaa nikafikiri, kama mtu anaweza kunibeba hivyo nikiwa mwongo, na Mungu je. Nilikuwa nasubiri kwanza niwe mtu wa maana ndipo nije mbele zake. Kumbe alikuwa ananiangalia wakati nanyoosha suruali za watu. Leo nimekuja na jina langu. Naitwa Anord. Sina cheti. Namshukuru Mungu kwamba ananijua na hajanikataa, na namshukuru kwa kazi ya mikono yangu. Naipenda, nilikuwa sijawahi kumwambia mtu. Na mama yangu yule pale, namwomba msamaha. Nilimchekesha mwaka mzima ili asinione."

Sikuwa na kingine. Nilikuwa nimejiandaa kusema mpaka hapo tu, sikujiandaa na kushuka. Nikabaki nimesimama. Mpiga kinanda aliacha kidole kwenye noti moja, ikawa inalia yenyewe.

Halafu nikasikia miguu. Siyo ya kucheza. Miguu ya mtu anayekwenda kugombana. Mama alikuwa anakuja na mkungu wa ndizi kichwani, macho mbele, hamwangalii mtu kulia wala kushoto. Akafika, akautua, ukatoa sauti nzito sakafuni. Akachukua kipaza sauti mkononi mwangu.

"Mimi nilitaka kushukuru kwa kitu ambacho hakipo," akasema. Akanishika bega. "Huyu yupo. Basi. Kwaya endeleeni."

Kwaya ikaanza, kila sauti na njia yake, ikajipanga baadaye. Akinamama wawili wa umoja wake wa wanawake wakatoka na mahindi yao. Blessing akaja na kuku. Baba mdogo Obeid hakusimama. Mpaka leo hajaniambia alikuwa anawaza nini, na mbuzi alimla kimya kimya mchana ule, vipande vingi tu, bila kunisemesha. Sio kila mtu alifurahi. Nilipotoka nje nilisikia mtu anasema, "Sasa hiyo nayo ni shukrani?" Sikugeuka.

Mzee Eliezeri alinivuta pembeni. "Umenifanya nisome uongo mbele ya usharika."

"Nisamehe, mzee. Ilikuwa nikwambie pale mlangoni, nikaogopa."

"Ulipaswa." Akaangalia kola ya shati langu, akaishika kwa vidole viwili, akaiachia. "Hii umenyoosha mwenyewe?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa, akaondoka. Sikujua alikuwa anakubali au anasikitika.

Njiani kurudi nyumbani mama alitembea mbele yangu hatua tatu. Baadaye akapunguza mwendo.

"Nimekasirika," akasema.

"Najua, mama."

"Nitakasirika mpaka Jumatano."

"Jumatano nitakuwa Iringa."

"Nitakasirika kwa simu."

Tukatembea. Tulipofika kwenye kona ya nyumbani akauliza, "Huyo mama wa pasi anaitwa nani?"

"Rozalia. Wanamwita Mama Kalinga."

"Kuna mkungu mmoja umebaki ndani. Utampelekea. Mwambie umetoka kwa mama yake Sosthenes."

Nikaubeba mpaka Kihesa. Mama Kalinga aliuzunguka akiukagua kama joho lililorudi na doa, akasema ndizi za Mbeya hazina mpinzani, akaniuliza, "Ulisema?" Nikamwambia nilisema. "Haya, washa pasi," akasema. Lile joho kuukuu lilikuwa bado mwisho wa kamba, na kikaratasi changu kwenye kola. Hakukitoa. Kila asubuhi akilifikia anasoma kama anavyosoma mengine: "Bwana, huyu ni Anord, anapiga pasi. Mwangalie." Nami naitikia amina kutoka nyuma ya mashuka, huku nafanya kazi.

Jumatano saa nne mama akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kazi inaendaje?"

Ulikuja utani mmoja mzuri sana mdomoni, kuhusu suruali za walimu. Niliuonja, nikaumeza.

"Leo zipo suruali arobaini, mama. Mkono unauma."

Nikamsikia anavuta kiti, anakaa.

"Pole, baba," akasema. "Hebu nieleze."